Tafiti mbalimbali ni za nani?

Msomaji wa Sinza, anayeandika tasnifu ya historia ya diplomasia ya Tanzania, anauliza: akitaja chanzo, aandike "kwa mujibu wa" au "kulingana na"? Msimamizi wake kila mara humkatia hilo la pili kwa wino mwekundu.

Msimamizi yuko sahihi, ila asigombe sana. "Mujibu" ni la Kiarabu, ndugu wa "wajibu", na ndilo la kutajia chanzo. "Kulingana na" ni la kipimo: pale Feri bei hupangwa kulingana na ukubwa wa samaki. Siku hizi watu wanayachanganya, nami nimechoka kukimbizana nao.

Lakini ndugu yangu, umeniambatishia na ukurasa wako, unaoanza hivi: "Tafiti mbalimbali zinaonyesha kuwa mwaka 1965 Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza." Tafiti! Wingi huo nauvumilia, umeshazoeleka. Kinachonikera ni hizo "mbalimbali" zisizo na jina wala mwaka. Tena hilo wala si la kutafitiwa. OAU, yaani Umoja wa Nchi Huru za Afrika, iliipa Uingereza hadi tarehe 15 Desemba iuzime uasi wa Ian Smith, kiongozi wa walowezi aliyejitangazia uhuru kule Rhodesia (sasa Zimbabwe), la sivyo wanachama wavunje uhusiano nayo. Haikuuzima, Nyerere akavunja uhusiano. Basi. Tafiti zimeonyesha nini hapo, kalenda?

Pa kutafiti ni kwa nini wanachama wengi wa OAU waliazimia pamoja, kisha siku ilipofika wakanywea. Hapo jina linadaiwa. Anayeandika "kwa mujibu wa ripoti ya balozi wa Uingereza, iliyomo kwenye jalada la Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London" ananiambia nani anasema, na kwa masilahi ya nani. Balozi huandika akijua wakubwa wake watasoma. Majalada ya Waingereza ya miaka ile yalikuwa yakifunguliwa baada ya miaka 30, basi wanahistoria wengi wa diplomasia wakakimbilia huko, na tanbihi zao zimejaa Kew. Si kosa, mradi waseme. Ukizifunika zote kwa "tafiti mbalimbali", umbeya wa balozi mmoja unavaa joho la usomi.

Sasa rudi kwenye sentensi yako, ufute maneno manne ya mwanzo. Inasimama yenyewe. Kisha weka tanbihi: nani, mwaka gani, ukurasa gani.