Maswali ya Wasomaji: Kutoa Manyoya kwa Vimeng'enya, Kuacha Salfidi

Tulipoandika kwamba vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemia, vinaweza kuondoa manyoya kwenye ngozi bila salfidi, ile dawa inayonuka mayai viza, maswali yalikuja mengi. Haya matano yanagusa yaliyoulizwa zaidi.

Sisi ni kikundi cha akina mama Dodoma, tunasindika ngozi za mbuzi kwa ajili ya viatu na mikoba. Manyoya tunayaondoa kwa chokaa na sodiamu salfidi. Harufu inatushinda sisi wenyewe, na majirani wameshafika kwa mwenyekiti wa mtaa. Tunaweza kuacha salfidi kabisa?

Mnaweza, dada zetu, na ngozi ya mbuzi ni mahali pazuri pa kuanzia kwa sababu ni nyembamba. Lakini lazima mjue kinachotokea ndani ya ngozi, la sivyo mtaharibu mzigo wa kwanza na kuikataa njia nzuri.

Salfidi huuyeyusha unywele wenyewe. Manyoya yanageuka uji, na uji huo wote unaishia kwenye maji machafu. Ndiyo maana hatua za mwanzo, kabla ngozi haijaonja kromu wala gome la miwati (dawa za kuisindika isioze), ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya uchafu wa usindikaji mzima. Kimeng'enya cha kundi la protiasi hufanya kazi tofauti: unywele hakiuyeyushi. Kinafuata mzizi, pale unywele ulipozama ndani ya ngozi, na kumeng'enya protini laini zinazoushikilia. Unywele unang'oka mzima, mnauzoa kwa chujio.

Hesabu zote zinazofuata, isipokuwa ya maji ya kulowekea, ni za uzito wa ngozi baada ya kulowekwa na kukwanguliwa nyama. Tuseme mna ngozi 20 za jumla ya kilo 24.

Kwanza kung'uteni chumvi ikiwa kavu, juu ya meza au turubai, na msiiache iende na maji. Chumvi ikishayeyuka hakuna mtambo wa bei yenu utakaoitoa. Lowekeni kwa maji mara tatu ya uzito wa ngozi, pamoja na sabuni ya maji kidogo. Baada ya saa moja au mbili mwageni maji ya kwanza yenye damu na chumvi, mtie mengine. Ngozi ya chumvi huwa tayari baada ya saa nne hadi sita. Iliyokaushwa juani inahitaji usiku mzima au zaidi. Shikeni shingo na mgongo, sehemu nene, mzikunje kwa vidole: zikiwa bado ngumu, dawa haitapenya hapo. Kisha kwangueni nyama na mafuta vizuri, maana mafuta yaliyobaki ni ukuta.

Sasa uji wa kupaka. Gramu 240 za kimeng'enya cha kuondolea manyoya (asilimia 1), lita 2.4 za maji ya uvuguvugu usiozidi nyuzijoto 35, na kaolini (udongo mweupe laini) kama kilo moja ili uji ushike na usitiririke. Tieni magadi soda kidogo kidogo mpaka karatasi ya kupimia isome pH (kipimo cha tindikali na magadi) kati ya 8 na 8.5. Nguvu ya dawa hutofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji, kwa hiyo kama karatasi ya maelezo inataja kipimo kingine au pH nyingine, fuateni hiyo.

Mnapaka upande wa nyama, kadiri ya gramu 180 kwa ngozi. Msipake sawasawa. Shingoni na mgongoni pakeni nene, tumboni na makwapani pakeni utando tu. Laza ngozi mbili mbili, nyama kwa nyama, funikeni kwa nailoni zisikauke, mziweke kivulini penye nyuzijoto 25 hadi 30. Acheni usiku kucha, saa 12 hadi 18, lakini saa nane zikishapita tangu kupaka muwe mnajaribu kwa kidole gumba: sukuma manyoya ya shingoni kinyume na yanavyolala. Tumbo litaachia mapema, shingo mwisho. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanasubiri shingo iachie yenyewe, na wakati huo kimeng'enya kimemaliza kazi tumboni na kuanza kuula uso wa ngozi. Tumbo likiwa limeachia kabisa na shingo ikatoka kwa kukwangua kwa nguvu kidogo, acheni hapo. Kwangueni juu ya gogo kwa kisu butu.

Baada ya hapo osheni sana. Mtaona ngozi imelala bapa, haikuvimba kama mlivyozoea, kwa sababu kimeng'enya hakivimbishi. Mkiipeleka hivyo kwenye miwati itatoka ngumu na nyembamba. Itieni kwenye chokaa tupu, bila salfidi: asilimia 10 ya chokaa, maji mara tatu ya uzito, siku moja hadi mbili huku mkiikoroga. Chokaa hufungua nyuzi za kolajeni (protini inayoijenga ngozi) na kulegeza vinyweleo laini vilivyobaki, na kwa ukali wake huzima karibu kazi yote ya kimeng'enya kilichojificha ndani.

Onyo moja ambalo hatulirudii kwa wepesi. Ngozi iliyochelewa kutiwa chumvi, ile inayotoa manyoya yenyewe mkiivuta, msiipake dawa hii. Bakteria wameshaanza kazi ileile ndani yake bila kipimo. Mkiongeza kimeng'enya juu yake, uso utachubuka na mtalaumu dawa. Ubora wa njia hii unaanzia kwa mchinjaji.

Kama mna wasiwasi wa kuruka moja kwa moja, pitieni katikati: endeleeni na uji wenu wa chokaa, punguzeni salfidi nusu, mtie kimeng'enya kinachovumilia chokaa (si vyote vinavyovumilia, ulizeni kabla ya kununua). Harufu itapungua, lakini haitaisha.

Je, maziwa ya papai bichi yanaweza kutumika badala ya dawa ya dukani? Na sabuni ya unga yenye vimeng'enya? (Msomaji, Morogoro)

Utomvu wa papai bichi una papaini, ambayo ni protiasi halisi, na viwanda vya ngozi vimewahi kuitumia katika hatua ya kulainisha, ile inayofuata baada ya kutoa chokaa na kabla ya kusindika. Taabu yake ni kipimo. Utomvu wa asubuhi si sawa na wa jioni, uliokauka juani umepoteza nguvu, na papaini haichagui sana inachomeng'enya. Kwa kulainisha, jaribu kwenye kipande cha pembeni cha ukubwa wa kiganja kabla ya ngozi nzima. Kwa kuondoa manyoya hatukushauri, maana saa nyingi za kusubiri ni saa nyingi za kuharibu.

Sabuni ya unga, hapana. Ina vitu vya kung'arisha nguo na kemikali nyingine ambazo hukuzipangia kazi, na kimeng'enya chake ni kidogo.

Jambo lingine kwa anayeshika unga wa kimeng'enya wa aina yoyote: usiuvute puani. Katika miaka ya 1960 wafanyakazi wa viwanda vya sabuni Ulaya walipata pumu kwa vumbi la vimeng'enya, na ndiyo sababu siku hizi dawa nyingi huuzwa za chengachenga au za maji. Vaa barakoa na glavu, mimina unga taratibu ndani ya maji, usipulize. Ukianza kukohoa au kifua kubana siku za kazi na kupata nafuu siku za mapumziko, nenda hospitali ueleze unachoshika.

Ngozi zangu za kondoo zimetoka laini mno, uso unakunjamana ukiukunja na unaachana na nyama ya ngozi. Nilitia asilimia 1 ya kimeng'enya cha kulainisha kwa saa mbili. (Fundi, Thika)

Umelainisha kupita kiasi. Kondoo ana tabaka legevu kati ya uso na sehemu ya chini, hasa kondoo mwenye mafuta, na tabaka hilo ndilo linaloachia kwanza.

Kwa kondoo, nusu ya kipimo chako kwa dakika 30 inatosha mara nyingi. Saa si kigezo pekee. Tazama joto: kazi hii hufanyika kwenye nyuzijoto 35 hadi 37 na pH 8 hadi 8.5, na kasi ya kimeng'enya hukaribia kuongezeka maradufu kila joto likipanda nyuzi 10. Aliyetia maji ya moto kwa kukisia na aliyepima kwa kipimajoto hawakufanya kazi moja, hata kama saa zao zililingana.

Kabla ya kutia dawa hakikisha chokaa imetoka. Kata kipande shingoni, dondoshea fenolftalini (dawa ya kupimia inayogeuka nyekundu penye chokaa) kwenye mkato. Pakiwa pekundu katikati, chokaa bado ipo. Wengi huona ngozi hailainiki, wanaongeza dawa, na kumbe chokaa ndiyo iliyoizuia. Chokaa ikiisha, dawa yote inaamka kwa pamoja.

Jinsi ya kujua imetosha: bonyeza uso wa ngozi kwa kidole gumba. Alama ikibaki, basi. Mafundi wengine hukunja ngozi kama mfuko wenye hewa na kuiminya. Hewa ikipenya na kutoa vipovu usoni, imeiva. Ikifika hapo, suuza kwa maji baridi na uende bila kuchelewa kwenye maji ya chumvi na tindikali. Kwenye pH 3 protiasi hizi hulala.

Mafuta ya kondoo usiyashughulikie kwa protiasi zaidi. Kuna lipasi, kimeng'enya cha mafuta, ambacho hutumika pamoja na sabuni ya maji na kupunguza haja ya mafuta ya taa yanayotumika kuyeyushia mafuta hayo.

Nimeambiwa dawa ya kulainishia inatoka kwa nguruwe. Ni kweli? Wateja wangu ni Waislamu. (Mtengeneza viatu, Mombasa)

Baadhi, ndiyo. Zamani ngozi zililainishwa kwa kinyesi cha mbwa na cha njiwa. Mkemia Mjerumani Otto Röhm alionyesha mwaka 1907 kwamba kazi ile hufanywa na vimeng'enya, akatoa dawa yake, Oropon, kutokana na kongosho la wanyama. Hadi leo zipo dawa za kongosho, la nguruwe au la ng'ombe. Lakini zipo nyingi pia zinazotoka kwa bakteria wa jamii ya Bacillus waliokuzwa kwenye matangi, bila kiungo cha mnyama. Dawa za kuondolea manyoya kwa kawaida ni za bakteria. Mwombe muuzaji karatasi ya maelezo inayotaja chanzo, na kama hataji, nunua kwingine.

Nikihamia kwenye vimeng'enya, maji yangu nitaweza kuyaachia mtoni? (Mmiliki wa kiwanda kidogo, Mwanza)

Hapana. Utakuwa umeondoa salfidi na uji wa manyoya, na hilo ni kubwa. Chumvi bado ipo, chokaa ipo, na kromu ipo kama unaitumia. Katika usindikaji wa kawaida ngozi hushika asilimia 60 hadi 70 hivi ya kromu uliyotia. Iliyobaki inakwenda na maji. Kimeng'enya hakisindiki ngozi, kinaiandaa tu. Anayetaka kuachana na kromu pia anaweza kutumia gome la miwati, ambayo inalimwa Njombe, akikubali ngozi ya kahawia iliyo nzito zaidi. Hata maji ya miwati yanahitaji kusafishwa.

Utakapokuwa bado unatumia salfidi kiasi, tenganisha mifereji. Maji yenye salfidi yakikutana na maji yenye tindikali hutoa haidrojeni salfidi, gesi inayoua ndani ya mashimo na mitaro iliyofunikwa. Harufu yake isikudanganye: ikizidi, pua hufa ganzi na mtu anadhani imeisha. Asiingie mtu shimoni peke yake, wala wa pili asimfuate kumwokoa bila kifaa cha kupumulia.

Manyoya uliyoyazoa yaoshe, uyachanganye na samadi na majani kwenye mboji. Yana naitrojeni nyingi ila yanaoza taratibu, miezi kadhaa. Kibali cha kumwaga maji machafu hutolewa na bodi ya maji ya bonde kwa Tanzania, na NEMA (mamlaka ya mazingira) kwa Kenya. Kwa kuwa uko Mwanza, kampasi ya DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) hapo hufundisha teknolojia ya ngozi. Peleka swali lako kwao pamoja na chupa ya maji yako.

Na kwa walioandika kwamba dawa yao "haifanyi kazi tena", ulizeni kwanza ilikaa wapi. Stoo ya bati huua vimeng'enya. Pimeni hivi: koroga kijiko cha maziwa ya unga yasiyo na mafuta katika glasi mbili za maji ya uvuguvugu, tia ncha ya kijiko cha dawa katika moja. Dawa hai itayabadilisha maziwa yale, yagande au yapauke hadi muanze kuona upande wa pili wa glasi, ndani ya saa moja hivi. Glasi zote zikibaki sawa, msipake ngozi hata moja.