Mkishamfundisha muuguzi wa dharura, msimhamishe

Nimefanya kazi chumba cha dharura katika hospitali ya wilaya. Vifaa vinapungua, ni kweli, lakini kinachoniuma zaidi ni ratiba. Muuguzi anafundishwa, anaiva, kisha ratiba mpya inabandikwa na jina lake liko wodi ya wazazi. Anayechukua nafasi yake anaanza upya, na wagonjwa wa usiku ndio wanaoumia.

Waganga na wauguzi wafawidhi, nawasihi: mwacheni pale. Mwaka 2010 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua idara ya dharura, na mwaka huohuo MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, ikaanza kufundisha madaktari bingwa wa fani hiyo. Wauguzi nasi tunahitaji njia yetu: mafunzo, cheo, na uhakika wa kubaki kwenye fani mpaka ngazi ya wilaya.

Nawe muuguzi kijana, usisubiri shahada ya uzamili. Tafuta mafunzo ya huduma ya msingi ya dharura yaliyotolewa mwaka 2018 na Shirika la Afya Duniani (WHO) pamoja na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Utajifunza kumpima mgonjwa kwa mpangilio: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, fahamu, kisha kumfunua umkague mwili mzima. Asiyejitambua, ukishahakikisha anapumua, mpime sukari. Nimeona watu walioletwa ikisemwa wamelewa au wamepandisha majini, kumbe sukari imeshuka; wakapewa glukosi, wakaamka na kuuliza wako wapi.

Kupanga wagonjwa mlangoni pia ni kazi yetu. Mfumo wa Afrika Kusini, unaompa mgonjwa rangi kulingana na uharaka wa hali yake, unategemea vitu ambavyo muuguzi anaweza kupima: mapigo ya moyo, upumuaji, presha, joto, fahamu, na kama mgonjwa anatembea. Mwekundu anahudumiwa papo hapo, mwenye rangi ya chungwa ndani ya dakika 10. Mashine nyingi hazihitajiki. Inahitajika mamlaka: muuguzi akisema huyu ni mwekundu, daktari aje na foleni isubiri, hata kama mbele yupo mheshimiwa.

Mamlaka hayo yadai kwa maandishi. Kila zamu andika mgonjwa alifika saa ngapi, alionwa saa ngapi, oksijeni iliwekwa saa ngapi. Kisha mpelekee muuguzi mfawidhi daftari hilo kabla hajapanga ratiba ya mwezi ujao.