Kutafuta asili ya familia ya Kipolandi: neno kwa mnaoanza

Wengi mnaoingia katika kazi hii ya kutafuta mababu wa Wapolandi waliohamia Marekani mnataka kufika kwenye nyaraka za Poland siku ya kwanza. Nawasihi mngoje. Kinachotafutwa mwanzo ni kijiji, na jina la kijiji hicho mara nyingi liko Marekani: kwa bibi aliyekula chumvi nyingi, au katika daftari la parokia walikofungia ndoa wazazi wake.

Nenda kwa wazee kwanza. Usimwulize bibi wa Chicago au Buffalo, "Asili yenu ni wapi?" Atakujibu Urusi, au Austria, naye hasemi uongo, kwa sababu waliohama kabla ya 1918 waliondoka katika nchi iliyogawanywa kati ya Urusi, Prusia na Austria. Muulize ni akina nani waliomsimamia mama yake ubatizo. Muulize bibi yake alikuwa wa ukoo gani kabla ya kuolewa, na barua za nyumbani zilitoka kwa nani. Mambo ya udugu wazee huyashika vizuri sana. Miaka na tahajia ndiyo huwaponyoka. Kwa hiyo andika jina la kijiji kama ulivyolisikia, usilirekebishe. Ł ya Kipolandi hutamkwa kama W yetu, basi "Womja" anayoitaja bibi huenda ni Łomża.

Nyumba nyingi utaambiwa kwamba afisa wa Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji New York, ndiye aliyebadilisha jina. Sikiliza kwa heshima, lakini usiijenge kazi yako juu ya habari hiyo. Orodha za abiria ziliandikwa na kampuni za meli katika bandari za kuondokea, kama Bremen na Hamburg, na majina yakabadilika baadaye, kazini na shuleni. Stanisław akawa Stanley, Władysław akawa Walter. Wojciech ndiye anayesumbua kuliko wote: Marekani utamkuta Albert au George, na katika daftari la Kilatini ni Adalbertus.

Kisha ingia parokiani. Chicago, kwa mfano, ina St. Stanislaus Kostka, parokia ya Wapolandi tangu 1867. Mapadri wa parokia za namna hii waliijua nchi walikotoka waumini wao, na mara nyingi waliandika kijiji pale ambapo cheti cha serikali kinasema "Urusi" tu. Ukikosa kwa babu, tafuta kwa kaka zake, dada zake, na wasimamizi wa ubatizo wa watoto wao. Wanaoanza huiruka hatua hii, nami naiona ndiyo yenye mavuno makubwa.

Ukishapata kijiji, tafuta parokia iliyokihudumia. Vijiji viitwavyo Nowa Wieś ni vingi mno Poland. Jina peke yake halitoshi. Geneteka, faharasa ya mtandaoni ya kumbukumbu za Poland inayojazwa na watu wanaojitolea, itakupunguzia safari. Upande wa Urusi kumbukumbu ni aya ndefu, kwa Kipolandi hadi 1868, kisha kwa Kirusi, zenye tarehe mbili zinazopishana siku 12 katika karne ya 19. Tarehe ya baadaye ndiyo ya kalenda yetu; nyingine ni ya kalenda ya zamani ya Warusi. Kumbukumbu za ndoa za huko ni hazina, kwani huwataja wazazi wa pande zote mbili pamoja na ukoo wa kila mama. Upande wa Austria ni jedwali la Kilatini lenye namba ya nyumba, na namba hiyo hukusaidia kuitambua familia hata tahajia ikibadilika.

Kumbukumbu za kuzaliwa za chini ya miaka 100, na za ndoa na vifo za chini ya miaka 80, huombwa ofisi ya usajili ya huko Poland, nawe utatakiwa kuthibitisha udugu. Paroko mwandikie kwa Kipolandi, barua fupi yenye ombi moja: jina, mwaka, kijiji.