Bob Foster na Michael Spinks: mi naweka Spinks, kwa pointi, raundi 15

Bandugu, yaya mwenye alituma swali ya Bob Foster na Michael Spinks, bashampioni bawili ba boxe ba Marekani, kwamba kama bangepigana kila mumoja mu nguvu yake yote, kilo 79, raundi 15, nani angebeba mukanda, nimesoma majibu yote na karibu bote munasema Foster, KO (kulaza muntu mpaka hesabu inaisha), mbele ya raundi ya 6. Mi siitike. Naweka Spinks, kwa pointi, yaani kwa hesabu ya bajaji, na naenda kueleza polepole juu ni mambo naishi nayo kila siku, mi ni kocha ya boxe ya batoto hapa Lubumbashi, mu komine Kenya, na bapiganaji barefu njo kazi yangu ya kwanza.

Mbele ya yote tupatie Foster heshima yake juu kuko bamoja huku bamemusahau. Ule muntu alikuwa na urefu wa mita 1.91, miguu myembamba, mabega haitishe muntu, na ndani ya ile mwili kuko mukono ya kushoto yenye ilikuwa inalaza bantu sawa dawa ya hospitali. Tarehe 24/5/1968 ku Madison Square Garden, New York, alimukuta Dick Tiger, mwana Nigeria, muntu ya chuma, hakuna mwenye alikuwa amemulaza mpaka hesabu inaisha, Foster akamupiga kroshe (ngumi ya kuzunguka kutoka pembeni) moja ya kushoto mu raundi ya 4 na Tiger hakuamuka. Kiisha akalinda mukanda mara 14. Mike Quarry, 1972, Las Vegas, ile nayo muitafute: raundi ya 4 inakaribia kuisha, ngumi moja, Quarry analala chali na mikono imefunguka, na unaona ata Foster mwenyewe anaanza kumuangalia na woga.

Sasa muangalie vile ile kushoto ilikuwa inafanya kazi. Foster alikuwa anaibeba chini, karibu na kiuno, inapanda kutoka chini sawa direkti (ngumi ya mukono ya mbele yenye inaenda moja kwa moja), mara moja, mbili, tatu, direkti tupu, mupaka ule mwingine anazoea kuikinga mbele ya uso. Kiisha ile ile, inatoka pale pale, inaanza sawa direkti na mu njia inageuka inakuwa kroshe, inapita pembeni ya glavu na kufika ku taya. Yaani macho inaona direkti na taya inapokea kroshe. Ni kazi ya ajabu, mi najaribu kuifundisha na ni batoto bachache sana beko na bega ya kuiweza.

Na kukutana hawakuweza kukutana, Foster aliacha mukanda 1974, Spinks alianza kupigania makuta 1977 kiisha ya kuleta zahabu ya Olimpiki kutoka Montreal 1976. Basi.

Kintu yenye inanisumbua mu majibu yenu ni hii: bamoja banasema Spinks hana taya, yaani hawezi kuvumilia ngumi, juu Mike Tyson alimumaliza mu sekunde 91, bengine banajibu Foster naye Joe Frazier alimumaliza mu raundi ya 2, 1970. Hizo zote muziweke pembeni. Frazier na Tyson beko bantu ya uzito wa juu, banaingia na kilo karibu 95 au zaidi, hazituambie kintu juu ya mupiganaji ya kilo 79 mbele ya mwenzake ya kilo 79. Ulizeni swali ingine: Foster alikuwa anafanya ile kazi yake kwa bantu ya urefu gani?

Hapa njo penye naingia na kazi yangu. Mu klabu niko na kijana mumoja murefu, anakaribia mita 1.90, na hapa kwetu, akipigana na bale ba komine zingine, ba Katuba ao ba Kamalondo, bote beko bafupi kwake. Ameshazoea. Anasimama tu, mukono mbele, ule mufupi analazimika kuingia, na akiingia anakuta ngumi imeshafika. Batu banamusifu, banasema ule eko na direkti ya hatari. Siku moja akakuya kijana wa Kipushi, murefu sawa yeye kabisa, tukabapanga sparingi, mapigano ya mazoezi. Yangu akasimama sawa kawaida yake, anangojea muntu aingie, na muntu haingie. Anatuma direkti, inakosa kidogo tu, upana wa vidole. Anatuma ingine, inagonga glavu. Ule mwingine anasogea nusu hatua pembeni, anarudi, anasogea, na ya kwangu miguu imepandwa palepale juu maisha yake yote hakuna mwenye alimulazimisha kupima mwanya kwa miguu. Mu kona akaniuliza, kocha, anaendaka wapi? Ngumi yake ilikuwa ile ile na nguvu ile ile, ni nafasi njo ilikuwa imebadilika. Kiisha ya pale nilianza kumuchorea musitari ya makala ku simenti na kumufanyisha kuingia na kutoka juu yake bila kupiga ata ngumi moja, na mupaka leo haipende, lakini anafanya.

Foster mu uzito yake aliishi na ile raha. Tiger alikuwa na mita 1.73 hivi. Wengi wenye aliangusha balikuwa banamutazama kutoka chini. Wakati alikutana na barefu, Ernie Terrell 1964, Muhammad Ali 1972, direkti yake haikuwa tena ile, na najua mutaniambia bale balikuwa bazito, ni kweli, njo maana siwahesabu sana (ingawa ile direkti ilimupasua Ali karibu na jicho, tumupatie na hiyo). Lakini muangalie Pierre Fourie, kilo 79 halali, 1973 mara mbili, Albuquerque na Johannesburg. Fourie haikuwa mupiganaji ya kutisha, alikuwa anatembea tu, anapiga na kutoka, na mara zote mbili alimaliza raundi 15 amesimama. Foster alishinda zote mbili, sawa, na alikuwa na miaka inakaribia 35, lakini kroshe haikumupata Fourie juu Fourie hakubaki penye inapita.

Sasa Spinks. Mita 1.88 na kidogo, kwa hiyo ile faida ya Foster ya urefu inaisha siku ya kwanza, inabaki mikono tu, ya Foster ilikuwa mirefu zaidi. Na Spinks hakukuwa muzuri wa kuangalia, tuseme kweli, alikuwa anapigana sawa muntu mwenye viungo haisikilizane, anaruka, anainama upande moja, ngumi ya kuume inatoka mu njia yenye huwezi kuitabiri, inapita juu ya bega na kushuka. Batu ya Marekani balimucheka mpaka alipowalaza. Marvin Johnson, 1981, alikula aperkuti (ngumi ya kupanda kutoka chini) ya kushoto raundi ya 4 na ilikuwa mwisho.

Lakini kwangu jibu iko mu combat (mapigano) mbili ya Spinks. Ya kwanza ni ya Dwight Muhammad Qawi, shampioni mwingine ya kilo 79, 18/3/1983, Atlantic City, mwenye kushinda anabeba mikanda ya bote wawili. Mama ya mutoto ya Spinks alikuwa amekufa mu ajali ya gari mu mwezi wa kwanza wa ule mwaka, na huyu muntu anaingia mu ringi na kupiga direkti raundi 15, direkti, hatua, direkti, bila kutafuta KO ya kufurahisha bantu, juu Qawi alikuwa mufupi na mubaya sana karibu. Ile ni akili. Ya pili ni Larry Holmes, shampioni ya uzito wa juu, 21/9/1985, Las Vegas. Holmes alikuwa na ushindi 48 bila kushindwa, akitaka wa 49 ili alingane na Rocky Marciano, mwenye alimaliza na 49 bila kushindwa, na direkti ya Holmes, bandugu, ni moja ya zile kubwa kabisa zenye dunia iliona. Spinks akapanda kutoka uzito wetu, mwanya wa kilo karibu 10, na akamukatalia ile direkti usiku muzima. Namna gani? Hakusimama mbele yake. Anaingia kwa pembe, anapiga tatu nne haraka, anatoka upande ingine, Holmes anageuka, anapanga miguu, na wakati amemaliza kupanga, muntu hayuko. Ni ile swali ya kijana yangu, anaendaka wapi, lakini mu kinywa ya shampioni ya dunia. Holmes alikuwa na miaka 35 ndiyo, lakini Foster mwenyewe alilinda mukanda mupaka umri ile ile.

Kiisha kuko ile kushoto ya chini ya Foster. Mukono yenye inakaa ku kiuno inarudi ku kiuno, na kila mara inarudi, upande wa kushoto wa uso inabaki wazi. Chris Finnegan, Wembley, 1972, aliingia pale mara mingi sana, na Finnegan hakukuwa na nguvu ya Spinks. Ngumi ya kuume ya Spinks, ile ya kupita juu ya bega, imetengenezwa kwa kosa ile.

Woga yangu, na niko nayo kweli, ni raundi ya 2 mpaka ya 5. Sisi ba Lubumbashi tunapaswa kuelewa hii kuliko bote, juu mutoto wa hapa, Sumbu Kalambay, mwaka 1988 ku Pesaro, Italia, alimufundisha Mike McCallum kwa miguu na direkti, McCallum mwenye hakuna mwenye alikuwa amemushinda, na mwaka wenye ulifuata Michael Nunn akamulaza Kalambay ule ule na kushoto moja mu raundi ya 1, Las Vegas. Akili yote ile, ngumi moja. Spinks anaweza kukula ile kroshe mbele ya kujua inatoka wapi, na akiikula vizuri haamuke, siwadanganye. Na musiseme Foster atachoka, Finnegan alilazwa mu raundi ya 14.

Vile naiona: Foster anabeba raundi tatu kati ya tano za kwanza, Spinks anatikisika mara moja, mu ya 4 labda, anashika, anapona. Kutoka ya 6 mwanya unamuhangaisha Foster, direkti inakosa kwa vidole, anaanza kusogea mbele kuitafuta, na yeye si muntu wa kusogea mbele. Mu ya 9 ao ya 10 kuume inashuka juu ya ile kushoto na Foster anagusa chini, anaamuka, juu ule ni muntu ya moyo. Mwisho bajaji, raundi 8 Spinks, 6 Foster, moja sawasawa.

Hiyo ni kama combat iko Las Vegas ao Atlantic City. Kama bataiweka Albuquerque, kwao na Foster, hapo nabadilisha, juu 1974 Jorge Ahumada alipigana naye pale raundi 15, wengi baliona Ahumada njo alishinda, na bajaji balitoa droo.