Kibodi nyembamba kwa mchapaji

SWALI: Nina steshenari Mwanga, Kigoma. Nachapa barua za watu mchana kutwa, viganja vinauma. Nataka kibodi ya mekanika, nyembamba, isiyo na waya, ila mfuko mdogo. Nichague ipi?

JIBU: Dada, tazama swichi, yaani kile kidude chini ya kila kitufe, kabla ya jina la kampuni. Za bluu kwa kawaida hulia ta-ta-ta. Mteja akikusomea barua yake hutamsikia. Chukua nyekundu, ni laini. Kwenye nyembamba kitufe hushuka kama milimita 3 badala ya 4, na kiganja hakikunjwi sana kwenda juu. Hapo ndipo nafuu yako ilipo, usikubali kuuziwa nene. Taa zinakula chaji, zizime. Ihakikishe inachapa hata kwa waya wa USB. Keychron K3 naipenda: inaunganishwa na vifaa vitatu, simu ikiwemo.