Barua kwa mwanangu aliyeko Taipei: jalada la babu wa rafiki yako

Mwanangu Zuhura,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Umeniuliza kwa nini watu wa huko Taiwan bado wanavutana juu ya sheria ya kijeshi iliyoondolewa kabla hujazaliwa, na kwa nini bibi wa rafiki yako hataki hata kutajiwa jina la mumewe aliyepigwa risasi zama hizo. Ukaongeza kwamba rafiki yako anataka kuomba jalada la kesi ya babu yake, naye anaogopa atakachokikuta. Nitakujibu yote, lakini nianze na tarehe, maana hapo ndipo wengi wanapopotea.

Sheria ya kijeshi ilitangazwa Taiwan tarehe 19 Mei 1949, ikaanza kutumika siku iliyofuata, na ikaondolewa 15 Julai 1987. Miaka 38. Ila tangazo lile halikufanya kazi peke yake. Lilikuwa na wenzake: masharti ya muda ya 1948 yaliyosimamisha sehemu za katiba, sheria ya kuadhibu uasi ya 1949, sheria ya 1950 ya kusaka majasusi wa Kikomunisti, na kifungu cha 100 cha sheria ya jinai. Mwaka 1987 liliondoka tangazo tu. Masharti ya muda yalifutwa Mei 1991. Sheria ya uasi nayo ilifutwa mwezi huohuo, baada ya wanafunzi kukamatwa na wenzao kuingia barabarani. Kifungu cha 100 kilirekebishwa 1992, kikaacha kumwadhibu mtu kwa kukusudia tu. Katikati hapo mhariri Cheng Nan-jung, aliyeitwa kujibu tuhuma za uasi kwa sababu jarida lake lilichapisha rasimu ya katiba mpya, alijichoma moto ofisini mwake tarehe 7 Aprili 1989 polisi walipokuja kumchukua. Kwa hiyo mtu akikuambia yaliisha 1987, muulize ni yapi.

Sasa bibi. Ili umwelewe, soma ile sheria ya 1950. Iliamuru kila mfanyakazi wa ofisi, shule, kiwanda na jeshi awe na wadhamini, wawili au zaidi, na mmoja akionekana jasusi, waliomdhamini nao wanawajibishwa. Aliyejua habari za jasusi asiseme alifungwa kuanzia mwaka 1 hadi 7. Kisha lile ambalo mimi naliona ndilo baya kuliko yote: mali ya aliyehukumiwa iliponyang'anywa, mtoa taarifa aliweza kupewa asilimia 30, maofisa walioshughulikia kesi asilimia 35, na kilichobaki kikaenda hazina ya serikali. Fikiria mtu mwenye shamba zuri na jirani mwenye njaa, chini ya sheria kama hiyo. Kila aliyeigusa kesi, kuanzia aliyenong'ona hadi aliyeandika maelezo, alikuwa na fungu lake iwapo mtuhumiwa angepatikana na hatia. Hakuna aliyefaidika akiachiwa.

Ndiyo maana ndugu walitengana. Hata mfungwa aliyemaliza kifungo chake katika kisiwa cha Lyudao, walikofungwa wafungwa wa kisiasa, alitakiwa kupata wadhamini ndipo atoke, na wapo waliokaa zaidi kwa kukosa mtu wa kuwasimamia. Familia zilibaki na polisi mlangoni wakikagua daftari la kaya, na watoto walikwama kwenye ajira za serikali na vibali vya kusafiri. Bibi huyo aliwalea watoto wake kwa kunyamaza, na kunyamaza kuliwaokoa. Usimsukume aseme.

Mahakama zilikuwa za kijeshi, hata kwa raia. Sheria ya uasi, kifungu cha 2, kifungu kidogo cha 1, ilikuwa na adhabu moja tu: kifo, pamoja na kunyang'anywa mali yote isipokuwa ya kujikimu familia. Na hukumu haikuwa ya mwisho jaji alipoisaini. Ilipanda ngazi, na kesi nyingi zilifika mezani kwa rais wa wakati huo, Chiang Kai-shek mwenyewe. Majalada yanaonyesha alivyokuwa akibadilisha adhabu kwa mkono wake, kifungo kikageuka kifo. Wengi walipigwa risasi mahali paitwapo Machangding, Taipei, kando ya mto Xindian. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni watu 140,000 walioguswa na mashtaka hayo, na kati ya 3,000 na 4,000 waliouawa. Mwaka 1993 mtu mmoja aliyekuwa akimtafuta kaka yake alikuta makaburi ya waliouawa kwenye kilima cha Liuzhangli, zaidi ya 200, yamefunikwa na majani.

Unaweza kuuliza kwa nini hawakukata rufaa baada ya 1987. Sheria ya kijeshi yenyewe iliwapa haki hiyo: mara tu inapoondolewa, aliyehukumiwa na mahakama ya kijeshi aweze kwenda mahakama ya kawaida. Serikali ililiona hilo mapema. Sheria mpya ya usalama wa taifa, iliyoanza kutumika siku ileile sheria ya kijeshi ilipoondolewa, ilikuwa na kifungu cha 9 kinachoziba njia hiyo, na 1991 majaji wakuu wakasema kuziba huko hakuvunji katiba. Hapa ndipo penye kiini cha mabishano unayoyasikia. Mwaka 1998 ilipitishwa sheria ya fidia, hadi dola milioni 6 za Taiwan kwa aliyeuawa, lakini hukumu yake ikabaki pale pale, na aliyeonekana kweli alikuwa mwanachama wa Chama cha Kikomunisti hakulipwa. Familia zilipokea fedha huku baba bado ni mwasi kwenye karatasi. Ilibidi kungoja sheria ya 2017 ya kurekebisha dhuluma za zama hizo, na tume yake iliyofanya kazi kuanzia 2018 hadi 2022, ndipo hukumu karibu 6,000 zikabatilishwa.

Kwetu Tanzania na Kenya watu waliwekwa kizuizini bila kesi, kwa hiyo mara nyingi hakuna jalada la mahakama la kuomba. Taiwan waliandika kila kitu. Rafiki yako ana bahati hiyo, na mzigo wake.

Mwambie hivi. Maombi yanapelekwa Idara ya Taifa ya Nyaraka, na jamaa wa aliyehukumiwa anaruhusiwa kuomba. Asitafute jina la babu tu. Washtakiwa wa kundi moja waliwekwa kwenye jalada moja, mara nyingi kwa jina la mshtakiwa wa kwanza, na mtu akikosa jina lake hudhani hakuna kitu. Atafute hukumu kwanza, aone nani walishtakiwa pamoja, kisha aombe jalada la kesi nzima. Aandike pembeni tarehe tano: kukamatwa, maelezo ya kukiri, mashtaka, hukumu, idhini ya juu. Pengo kati ya kukamatwa na kukiri ndilo linalosema alifanyiwa nini. Maelezo ya kukiri asiyachukue kuwa maneno ya babu. Akikuta sentensi zilezile kwa washtakiwa watatu, ajue kalamu ilikuwa ya mhojaji. Lakini pia asikatae kila kitu. Wapo waliokuwa kweli wanachama wa Chama cha Kikomunisti, kilichofanya kazi kwa siri, na kiongozi wao Tsai Hsiao-chien alipokamatwa 1950 aligeuka akataja wenzake. Babu kuwa mwanachama hakuhalalishi kuhukumiwa gizani na kupigwa risasi. Ayashike yote mawili.

Orodha ya mali iliyochukuliwa ainakili neno kwa neno, maana madai ya mali yanahitaji namba ya kiwanja na vipimo. Watoa taarifa huenda wakawa na majina ya bandia, na huenda mmoja akawa rafiki wa nyumbani au ndugu. Asisome sehemu hiyo peke yake usiku, wala asimwonyeshe bibi kabla hajakaa nayo siku kadhaa.

Na afike hadi ukurasa wa mwisho. Barua za kuaga zilizoandikwa usiku wa kuamkia kuuawa hazikupelekwa kwa familia, zilifungiwa ndani ya majalada. Ziligunduliwa baada ya mjukuu mmoja kuomba jalada mwaka 2008, na kuanzia 2011 serikali ikaanza kuzirudisha. Zilipatikana za watu 177. Moja ilitoka kwa daktari Huang Wen-kung, aliyeuawa 1953, kwenda kwa binti ambaye hakuwahi kumwona. Ikiwa ya babu imo humo, adai ile yenyewe, asiridhike na nakala.

Kabla ya jalada, mpeleke Jing-Mei, palipokuwa na mahakama na mahabusu, sasa ni makumbusho. Wafanyakazi wake wamezoea kupokea familia. Niandikie ukishajua kesi imewekwa kwa jina la nani.

Mama yako