Vidonge vya kupunguza mwili vimenikolea, je, nakula haramu?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Rafiki yangu alinipa vidonge vya fentamini vya kupunguza mwili. Nimepungua kweli, lakini sasa ni mwezi wa nane na nimefika vidonge viwili kwa siku. Siku nisipomeza nalala tu na kulia bila sababu. Mume wangu hajui, navificha ndani ya ndoo ya mchele. Ramadhani nilikuwa nameza wakati wa daku, nikisimama tarawehe moyo unanienda mbio. Je, ni haramu? Na saumu zangu?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah wabarakatuh. Dada yangu, saumu zako ni sahihi, kwani ulimeza kabla ya alfajiri. Wala kutibu unene si dhambi. Mtume (s.a.w.) amesema, "Jitibuni, enyi waja wa Allah," na unene uliopindukia ni maradhi, huzaa kisukari na presha.

Ila fentamini ni jamaa ya amfetamini, dawa za kusisimua mwili. Huusisimua ubongo mpaka njaa inyamaze, na moyo nao hukimbizwa humo humo. Marekani iliiruhusu mwaka 1959 kwa matumizi ya wiki chache, na leo iko kule katika orodha ya dawa zinazodhibitiwa, kwa kuwa humzoesha mtu. Orlistati, dawa nyingine ya unene inayozuia mafuta ya chakula yasifyonzwe tumboni, haina tabia hiyo. Kwa hiyo nisieleweke kuwa naharamisha kila dawa ya unene.

Fentamini aliyoandika daktari, kwa kipimo na muda wake, ni halali. Kujiongezea mwenyewe huku mwili unalalamika hakujuzu: "Wala msijitie kwa mikono yenu katika maangamizo" (Al-Baqara: 195). Siiiti khamri, maana hukutafuta ulevi. Ulitafuta afya, ukanaswa.

Sasa nakuomba sana, usivimwage leo kwa kuogopa haramu. Aliyemeza kipimo kikubwa kwa muda mrefu akikatisha ghafla hupatwa na uchovu mkali na huzuni nzito, na kilio chako hicho kinanitia hofu. Nenda kwa daktari na pakiti yenyewe mkononi, umwambie idadi ya kweli, akupangie namna ya kuacha. Huko kwenda ndiko kutubu kwako, na siku utakazomeza kwa mpango wake huna dhambi.

Ile ndoo ya mchele imeniuma kuliko swali lenyewe. Miezi minane unapika juu ya siri hiyo peke yako! Mwambie mumeo usiku huu, mwende pamoja.

Wallahu a'lam.